Taa Imezimika, Vali Iko Wazi

Saa kumi alfajiri ya tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, Marekani, pampu za maji ya kinu namba 2 zilikata. Mafundi walikuwa wakihangaika kuzibua chujio. Tukio lenyewe halikuwa la kutisha: tabaini ikajizima, presha kwenye mfumo wa kinu ikapanda, na vali ya kupunguzia presha ikafunguka yenyewe kama ilivyotakiwa. Sekunde chache baadaye kinu nacho kikajizima. Presha iliposhuka, vali ilitakiwa ijifunge. Ikakwama.

Kwenye paneli kulikuwa na taa ya vali hiyo, na taa ikazimika. Yeyote mwenye akili timamu angeelewa kwamba vali imefungwa, na waendeshaji wa zamu ile walielewa hivyo hivyo. Kumbe taa haikuunganishwa na vali. Iliunganishwa na umeme unaokwenda kwenye koili ya kuifungulia: umeme upo, taa inawaka, umeme umekatwa, taa inazimika. Ilichowaambia ni kwamba vali imeagizwa ijifunge. Kama imetii au imegoma, taa haikuwa na njia ya kujua. Vali ikabaki wazi kwa zaidi ya saa mbili, maji ya kupozea kinu yakatoroka, na karibu nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka.

Kosa la taa ile linajirudia, kwa sura tofauti, katika ajali nyingi za vyumba vya kuongozea mitambo zilizochunguzwa kwa makini. Mbunifu anaonyesha kilichoagizwa, mwendeshaji anahitaji kujua kilichotokea. Tofauti hiyo haionekani siku za kawaida, kwa sababu siku za kawaida vali hutii.

Njia nyingine za kuugundua uvujaji huo zilikuwepo. Maji yaliyopita kwenye vali yaliingia kwenye tangi lenye vipimo vyake vya presha na joto, na vipimo hivyo vilikuwa vikipiga kelele kwa namna yake. Tatizo ni kwamba viliwekwa nyuma ya paneli, hivyo kuvisoma kulihitaji mtu ainuke, azunguke, aende upande ambao hana shughuli nao. Joto la bomba la kutokea maji pia lilikuwa juu, lakini kwa muda kabla ya hapo kulikuwa na uvujaji mdogo, na joto la juu lilikuwa limeshazoeleka. Kipimo cha kina cha maji ndani ya kinu chenyewe hakikuwepo kabisa. Waendeshaji walikisia kina hicho kwa kutazama tangi lingine lililoko juu zaidi. Tangi hilo likaonyesha maji yanaongezeka. Wakaamini kinu kina maji ya kupindukia, wakapunguza maji ya dharura ambayo mashine ilikuwa imeyaleta kwa usahihi.

Kuna pia kisa cha kadi. Pampu za dharura, za kushika nafasi ya zile zilizokata mwanzoni, ziliwaka kama zilivyopangwa, ila vali mbili kwenye njia yake zilikuwa zimefungwa tangu majaribio ya siku mbili kabla. Taa za kueleza hivyo zilikuwepo, moja ikiwa imefichwa na kadi ya njano ya matengenezo iliyoning'inia kwenye paneli. Zikapita dakika nane kabla mtu hajagundua. Kituo kilichogharimu mamia ya mamilioni ya dola kikazibwa macho na kipande cha karatasi, jambo ambalo wauzaji wa karatasi hawakulitumia kwenye matangazo yao.

Na juu ya yote hayo, ving'ora. Katika dakika chache za kwanza vililia zaidi ya mia moja, na mashine ya kuchapa orodha yake ikaachwa nyuma kwa zaidi ya saa moja, ikiwa inachapa kwa utulivu habari za zamani. Mwendeshaji mmoja aliiambia tume ya uchunguzi kwamba alitamani kuitupa paneli ya ving'ora, kwani haikuwa ikimpa habari yoyote ya maana. Vali ilikuja kuzibwa saa 12 na dakika 22 asubuhi, na aliyeliona tatizo ni mkuu wa zamu aliyeingia kazini asubuhi hiyo, ambaye hakuwa ameshinda saa mbili akipigiwa makelele.

Rais Jimmy Carter aliunda tume na kumpa uenyekiti John Kemeny, mwanahisabati aliyeshiriki kubuni lugha ya kompyuta ya BASIC. Tume haikuwasafisha waendeshaji, lakini ilieleza wazi kwamba mafunzo yao, maelekezo yao na mpangilio wa chumba chao viliwaelekeza kwenye kosa. Kilichoumiza zaidi ni kwamba Septemba 1977, katika kituo cha Davis-Besse jimboni Ohio, vali ya aina hiyo hiyo ilikuwa imekwama wazi, na waendeshaji wa huko nao walipunguza maji ya dharura. Bahati yao kinu kilikuwa kikiendeshwa kwa nguvu ndogo. Wataalamu wa kampuni iliyotengeneza vinu hivyo waliandikiana barua kuhusu tukio hilo. Barua hazikufika kwa waliokaa mbele ya taa.

Jeshi la Marekani lilikuwa limeshalipia somo hili wakati wa Vita Kuu ya Pili. Marubani wa ndege za B-17 walikuwa na mtindo wa ajabu: ndege imeshatua salama, iko chini inakimbia, rubani anakunja magurudumu. Waliitwa wazembe. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alifanya jambo ambalo yaonekana halikuwa kwenye utaratibu wa uchunguzi, akaenda kutazama rubani anashika nini. Akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa vya kusaidia kutua zimepangwa ubavu kwa ubavu, kwa umbo lile lile. Dawa aliyotoa ni kubandika kigurudumu kidogo cha mpira kwenye moja na kipande chenye umbo la kabari kwenye nyingine, ili mkono ujue hata gizani. Mpaka leo kanuni za anga za Marekani zinataka kishikio cha magurudumu kiwe na umbo la gurudumu. Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones walichambua visa 460 vilivyoitwa makosa ya rubani, na vingi vikarudi kwenye jinsi vifaa vilivyopangwa.

Kwa hiyo elimu ilikuwepo. Kilichobadilika baadaye ni bei ya kengele. Enzi za paneli za chuma, kuongeza king'ora kimoja kulitaka kutoboa tundu, kuvuta waya na kugombania nafasi. Mhandisi alijiuliza kama kweli kinahitajika. Kompyuta zilipoingia, king'ora kikawa mstari mmoja kwenye programu, nao mstari haugharimu kitu. Kila mwenye wasiwasi akaongeza wake. Mwanasheria hakupinga, kwani king'ora kilichowekwa ni ushahidi kwamba kampuni ilionya. Honi za Kariakoo, Dar es Salaam, zina tatizo hilo hilo: zikipigwa zote, hakuna anayegeuka.

Matokeo yake yalionekana kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta cha Texaco huko Milford Haven, Wales, tarehe 24 Julai 1994. Radi zilivuruga mitambo asubuhi, na wafanyakazi walihangaika kuirudisha kwa saa kadhaa, hadi ukaja mlipuko uliotokana na tani 20 hivi za mafuta na gesi. Watu 26 waliumia, kwa bahati bila kifo. Siku ilikuwa Jumapili, na watu kiwandani walikuwa wachache. Wachunguzi wa serikali ya Uingereza walibaini kwamba katika dakika 11 za mwisho waendeshaji wawili walitakiwa kutambua na kushughulikia ving'ora 275. Katikati ya mafuriko hayo kulikuwa na vali moja ambayo skrini ilisema iko wazi. Ilikuwa imefungwa. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu Pennsylvania, taa imegeuka kuwa picha nzuri kwenye kompyuta, na uongo ni ule ule, safari hii kinyumenyume.

Mwaka 1999 jumuiya ya watumiaji wa mitambo Uingereza, EEMUA, ilitoa mwongozo ambao bado unanukuliwa: siku ya kawaida mwendeshaji asipate zaidi ya king'ora kimoja kila dakika 10, na likitokea tatizo kubwa visizidi 10 katika dakika 10 za kwanza. Msingi wake ni mdogo na mgumu. King'ora kisichomtaka mtu afanye kitu si king'ora, ni habari, na habari iwekwe mahali pa habari. Ninavyoona, hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika ubunifu huu, kwa sababu inataka mtu aweke sahihi yake kwamba kengele fulani iondolewe.

Wapo wanaoamini mitambo inayojiendesha itamaliza mjadala: mtu akiondolewa, atakayechanganyikiwa hayupo. Lisanne Bainbridge, mwanasaikolojia wa London, alijibu hoja hiyo mwaka 1983 katika makala fupi kuhusu kejeli za mitambo ya kujiendesha. Mbunifu humwona mtu kuwa dhaifu, akampunguzia kazi zote anazoweza kuipa mashine. Zinazobaki mkononi mwa mtu ni zile ambazo mbunifu mwenyewe hakujua azifanyeje. Halafu mtu huyo huambiwa akae akitazama, kazi ambayo majaribio ya Norman Mackworth kwa ajili ya walinzi wa rada yalikwishaonyesha kwamba umakini wa kuifanya huanza kupungua ndani ya nusu saa. Na kwa kuwa hashiki usukani mara kwa mara, siku akikabidhiwa mikono yake imeshasahau. Anakabidhiwa, bila shaka, wakati mambo yamechacha.

Kwa nini basi wamwache mtu hapo? Jibu moja liko Kenya. Tarehe 7 Juni 2016 kima alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma. Transfoma ikakata, mashine nyingine za hapo zikaelemewa nazo zikakata, megawati zaidi ya 180 zikapotea, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Kima alipona. Hakuna mbunifu atakayeweka king'ora cha kima, wala simlaumu. Mwendeshaji yupo pale kwa ajili ya yasiyoandikwa, na skrini yake ipimwe kwa namna inavyomsaidia siku ya yasiyoandikwa.

Kipimo hicho Boeing haikukitumia kwa 737 MAX. Ndani ya ndege hiyo kulikuwa na programu ya MCAS, iliyoweza kusukuma pua ya ndege chini bila rubani kuagiza, kwa kutegemea kihisio kimoja cha pembe ya ndege ilhali viko viwili. Marubani hawakuelezwa habari zake kwenye vitabu vyao. Onyo la kuwaambia kwamba vihisio viwili vinapingana lilitakiwa liwe kwenye kila ndege, lakini kwa kasoro ya programu lilifanya kazi kwa mashirika yaliyonunua kipimo cha ziada tu. Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilianguka baharini Indonesia na watu 189. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian iliyotoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka dakika sita baada ya kuruka. Watu 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya.

Ripoti ya bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ya Septemba 2019 ndiyo kila mbunifu angepaswa kuisoma. Boeing iliijaribu hali ya MCAS kukosea kwenye simuleta, na marubani wakaidhibiti. Kilichojaribiwa ni pua kushuka peke yake. Chanzo hakikuigizwa: kihisio kibovu, ambacho papo hapo huleta usukani unaotetemeka na maonyo kwamba vipimo vya kasi na kimo vinapingana, yote kwa pamoja. Yaani walipima kama mtu anasikia king'ora kimoja kwenye chumba kimya.

Makosa haya hayaishii kwenye mitambo ya siri. Tarehe 21 Agosti 2017, karibu na Singapore, meli ya kivita ya Marekani John S. McCain iligongana na meli ya mafuta Alnic MC, na mabaharia 10 wakafa. Usukani na mwendo wake vilidhibitiwa kwa mfumo wa skrini za kugusa. Nahodha aliagiza kazi igawanywe, mmoja abaki na usukani na mwenzake ashike mwendo. Katika kuhamisha, usukani nao ukahamia meza ya pili, na aliyekuwa meza ya kwanza akatangaza kwamba umekufa. Walipopunguza mwendo ulipungua kwenye rafadha moja tu, kwa kuwa kwenye skrini rafadha mbili hazikuwa zimefungamanishwa, na meli ikajipinda kuelekea mbele ya ile ya mafuta. Usukani haukuwa umekufa hata kidogo. Hakukuwa na kitu cha kushikika kilichoonyesha uko kwa nani.

Mwaka 2019 jeshi la majini la Marekani lilitangaza kuziondoa skrini hizo kwenye udhibiti wa mwendo na kurudisha vishikio vya kushika kwa mkono. Afisa aliyeeleza uamuzi huo alisema waliwauliza mabaharia wanataka nini, na jibu lilikuwa karibu la sauti moja: wapewe vishikio wanavyoweza kuvitumia. Wahandisi waliweka skrini kwa sababu ziliwezekana. Waliozitumia zamu ya usiku waliulizwa baada ya ajali.