Wachukuzi wa Kariakoo Wamekwenda Wapi?

Ndugu msomaji, ukifika Dar es Salaam huna budi kupita Kariakoo, maana ndiko kwenye soko kubwa. Nairobi nako kuna mtaa uitwao Kariokor. Je, umepata kujiuliza jina hilo limetoka wapi? Si jina la mti, wala la mzee wa mji. Ni neno la Kiingereza lililogeuzwa na ndimi zetu, na maana yake ni kikosi cha wachukuzi: watu waliobebeshwa mizigo ya jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, kambi ya wachukuzi ikawa mahali hapo. Leo watu hununua nyanya na vitenge kwa jina lao, bali wengi wao hatujui walikolala.

Napenda leo tuzungumze juu ya watu hao. Katika koo nyingi za nchi zetu hutajwa babu mmoja aliyekwenda vitani asirudi. Hakuletwa, wala haikuletwa habari yake. Hakuna anayejua kama alikufa kwa risasi, kwa njaa au kwa maradhi. Wazee husema tu, "Alipotea wakati wa vita vya Mdachi." Basi tuulize: mtu mzima hupoteaje hivyo, hata zipite zaidi ya miaka 100 bila jibu?

Kazi yao ilikuwaje

Vita ilifika huku mwezi wa Agosti 1914. Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wakiitawala Tanganyika, na Rwanda na Burundi pia. Waingereza walikuwa Kenya na Uganda, na Wabelgiji Kongo. Wakubwa wa Ulaya waligombana kwao, wakaja kupigana katika mashamba yetu. Vita haikukoma huku mpaka tarehe 25 Novemba 1918, Wadachi walipoweka silaha chini mjini Abercorn, unaoitwa leo Mbala, katika nchi ya Zambia.

Jeshi halitembei bila chakula na risasi. Reli zilikuwa chache. Farasi, punda na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Motakaa zilizama matopeni wakati wa masika. Ikabaki kichwa cha mtu. Kila mchukuzi alitwikwa mzigo wa kilo 25 hivi, akafuata majeshi porini siku baada ya siku, mvua na jua. Waingereza peke yao waliwatumia wachukuzi wapata milioni moja kwa muda wote wa vita. Wengine walikwenda kwa kupenda, wakitumaini mshahara. Wengine wengi walikamatwa, maana machifu walidaiwa hesabu ya watu. Huko Kenya mwaka 1917 walichukuliwa wengi kupita miaka yote, hata vijiji vingine vikabaki na wanawake, wazee na watoto.

Wala si risasi iliyowamaliza zaidi. Ni kuhara damu, malaria, na kichomi. Watu waliozoea ndizi au wimbi walipewa unga wa mahindi, nao hawakuwa na nafasi ya kuupika ukaiva, basi matumbo yakaharibika. Watu wa milimani walishushwa katika nchi za joto zenye homa wasizozizoea. Wachukuzi wa Waingereza walioandikwa kuwa wamekufa ni zaidi ya 90,000. Nasema walioandikwa. Wale ambao hawakuandikwa hawamo katika hesabu hiyo, wala wachukuzi wa Wadachi hawamo.

Walipotea mara mbili

Hapa ndipo penye shida yenyewe, ndugu msomaji. Jeshi la Waingereza lilijaribu kuandika. Mtu alipewa namba na kibati. Lakini jina liliandikwa na mgeni, kadiri sikio lake lilivyolisikia. Mtu alianguka njiani, wenzake wakamfukia upesi upesi, safari ikaendelea. Kibati kikipotea, mtu amepotea. Mishahara ya wengi waliokufa haikuchukuliwa, maana warithi hawakupatikana, na fedha hizo zikabaki mikononi mwa serikali.

Hata hivyo si wote waliokosa kaburi. Wengine walizikwa katika makaburi ya kambi, na mahali pao palijulikana. Mwaka 1917 Waingereza waliunda Tume ya Makaburi ya Vita. Kanuni yake ilikuwa nzuri: kila aliyekufa apate jiwe lake, au jina lake lichongwe mahali, pasipo kubagua cheo, rangi wala dini. Wazungu walipata mawe hayo, nawe waweza kuyaona hata leo katika makaburi ya vita ya Dar es Salaam, Tanga na Moshi. Lakini katika Afrika Mashariki kanuni haikufuatwa kwa wenyeji. Baada ya vita viongozi waliona makaburi ya wachukuzi yaachwe yamezwe na pori, na waliolala humo wahesabiwe kuwa watu waliopotea. Fikiri neno hilo! Mtu mwenye kaburi linalojulikana akafanywa mpotevu kwa kalamu. Badala ya majina yao wote zilijengwa sanamu chache. Sanamu ya askari iliyopo katikati ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, ni mojawapo. Ni nzuri kutazama, lakini mama hawezi kusoma hapo jina la mwanawe.

Mambo hayo hayakukiriwa wazi mpaka mwezi wa Aprili 2021. Mwezi huo Tume hiyo ilitoa taarifa, ikasema kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni watu wa Afrika Mashariki na wa Misri. Tume iliomba radhi, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni.

Daftari lafaa nini

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbe na watu ni hivyo hivyo. Tazama yaliyotokea Afrika Kusini. Mwezi wa Januari 2025 katika mji wa Cape Town ilifunguliwa kumbukumbu ya wafanyakazi wa jeshi waliokufa katika vita ile ile, na wengine wao walifia huku kwetu. Majina zaidi ya 1,700 yamechongwa, kila jina kwenye nguzo yake ya mti. Yalipatikanaje baada ya miaka 100? Yalikuwa yamelala katika vitabu vya jeshi. Mtu aliyeandika jina zamani ndiye aliyemrudisha marehemu kwa wajukuu wake.

Mimi kazi yangu ni vitabu vya parokia, kwa hiyo naliona jambo hili kila juma. Kitabu cha ubatizo huandika jina la mtoto, la baba, la mama na la msimamizi, na mtu akifunga ndoa, hata mbali, habari hurudishwa na kuandikwa pembeni mwa jina lake. Wengine huona ni usumbufu kutajiwa majina yale yote. Si usumbufu. Ni uzi wa kumfuata mtu akipotea.

Tena mfikirie aliyebaki nyumbani. Mke wa mchukuzi hakuwa mjane, wala hakuwa na mume. Alie matanga, au angoje? Jambo hilo liko mpaka leo kwa wake ambao waume zao walikwenda machimboni au mjini wakanyamaza. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1707, yasema kwamba kutokuonekana peke yake, hata kwa miaka mingi, hakutoshi kumhesabu mtu kuwa amekufa. Askofu wa jimbo ndiye awezaye kutangaza hivyo, tena baada ya kuuliza mashahidi na kupima habari zote mpaka apate hakika ya moyo. Basi mama uliye katika taabu hiyo, usikae na fumbo lako peke yako. Mwone Paroko. Mweleze mume wako aliondoka lini, alikwenda wapi, na nani walikuwa naye. Kila neno dogo ni ushahidi.

Nasi wengine tufanye nini? Watoto wa wale wachukuzi wamekwisha kufa. Wajukuu ndio wazee wetu wa leo, nao hawatakaa sana. Wao wakiondoka, jina la yule babu litaondoka nao, na hapo atapotea kabisa.

Kwa hiyo usingoje. Ukimaliza kusoma ukurasa huu, mwite mtoto mwenye mwandiko mzuri, akae na daftari karibu na bibi au babu. Aandike jina la aliyepotea na majina yake mengine, jina la baba yake, ukoo, kijiji na chifu wa wakati ule. Aandike aliondoka mwaka gani, au msimu gani wa njaa au nzige, na alifuatana na nani. Aandike pia asiyoyajua mzee, ili wengine waulizwe. Nakala moja ikae nyumbani, ya pili iletwe ofisi ya parokia. Na mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu wote, jina hilo lisomwe pamoja na mengine. Vivyo hivyo, kijana wako akiaga kwenda kutafuta kazi mbali, kabla hajapanda basi mwambie aandike katika daftari hilo anakokwenda na atakayempokea.