Feni husogeza hewa, haiipozi wala haiisafishi

Mji wa Songea uko kwenye nyanda za juu za Ruvuma, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya Juni na Julai inafahamika kuliko joto lake. Hata hivyo, Oktoba na Novemba, kabla ya mvua kuanza, jua huwa kali. Tangu mji huo ulipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, kwa njia ya umeme ya kilovolti 220 itokayo Makambako, kuwasha feni hakutegemei tena jenereta za dizeli.

Ndani ya feni mna mota yenye koili, yaani nyaya nyembamba zilizoviringishwa mara nyingi, na umeme wa volti 230 unapopita humo huzaa nguvu ya sumaku inayozungusha rota, ambayo huzungusha mapanga. Kwa kuwa mapanga yameinamishwa, huvuta hewa ya nyuma na kuisukuma mbele. Mota nyingi husaidiwa kuanza na kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi chaji. Feni inayonguruma bila kuzunguka hadi isukumwe, mara nyingi kapasita yake imechoka.

Upepo huo haupunguzi joto la chumba, bali huondoa hewa yenye unyevu iliyoganda juu ya ngozi, jasho likakauka upesi na kuchukua joto la mwili. Kwa hiyo feni iliyoachwa katika chumba kitupu haimpozi yeyote, ingawa yenye wati 60 humaliza karibu nusu uniti kwa saa 8. Shirika la Afya Duniani hushauri isitumike joto la hewa linapozidi nyuzi 40 za Selsiasi, kwani hapo huuongezea mwili joto.

Pangaboi, yaani feni ya dari, hueneza upepo darasani au wodini. Ya mezani na ya kusimama huwaelekea watu wachache. Ya kutoa hewa, inayofungwa ukutani, hupeleka moshi na mvuke nje.

Tofauti hiyo, kati ya kuizungusha hewa na kuitoa nje, ni suala la uhai wakati wa baridi, jiko la mkaa linapoingizwa chumbani ili watu waote moto. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoizuia damu kubeba oksijeni, na pangaboi huizungusha tu gesi hiyo juu ya waliolala. Jiko hilo mahali pake ni nje.