Kula Moshi: Lipi Kweli, Lipi Uongo?

Ukishuka stendi ya Moshi na njaa, ushauri unaufikia mwili kabla ya chakula. Bodaboda ana wake, shangazi wa Kibosho ana wake, na jirani wa kwenye basi alishakupa wake tangu Mwanga. Mengi ya haya umeyasikia. Tuyapime.

"Moshi hakuna chakula ila ndizi." Uongo. Ndizi ni mfalme wa mlimani, hilo halibishaniwi. Lakini shuka kusini ya mji uone mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, yanayomwagiliwa kwa mradi wa Lower Moshi uliokamilika 1987. Mpunga uko mlangoni pa mji. Samaki nao si lazima watoke Tanga: bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 kwenye mto Pangani, lina perege, basi usiikimbie sahani ya samaki eti bahari iko mbali. Na jioni mjini kati utakuta sambusa, kachori na mchuzi wa viungo, mapishi ya familia zenye asili ya India zilizofungua maduka katika mji huu ambao reli ya kutoka Tanga iliufikia 1911.

"Mtori ni chakula cha mzazi." Kweli kwa asili, uongo kwa mipaka. Mama aliyejifungua uchagani hupewa mtori, na wazee walijua wanalofanya: ndizi mshare zilizochemshwa na nyama hadi zikapondeka humpa nguvu, maji na protini katika bakuli moja, tena bila kumchosha kutafuna. Sababu hizohizo zinamfaa fundi anayeanza kazi alfajiri, na ndiyo maana hoteli nyingi za Moshi huuza mtori asubuhi pamoja na supu na chapati. Nenda mapema. Mtori wa saa mbili asubuhi bado una mvuke wa sufuria ya kwanza. Wa saa nane mchana umeshapashwa, umeongezwa maji na ladha ya mfupa imekwisha.

"Kisusio kinaongeza damu." Kweli, kikiiva. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu wageni hukidharau na wenyeji wengine hukitetea kwa hoja mbovu. Kisusio ni supu ya mbuzi yenye damu yake na nyama za ndani. Damu na maini vina madini ya chuma ya aina ambayo mwili huyafyonza kirahisi kuliko yale ya mchicha au maharage, na chuma ndicho kinachohitajika kutengeneza damu. Bibi aliyemsukumia mjukuu wake bakuli la kisusio hakuhitaji maabara kumthibitishia.

Hoja mbovu ni ile inayosema damu mbichi ina nguvu zaidi. Hiyo ni hatari tupu. Kimeta kipo katika mikoa ya kaskazini, Kilimanjaro ikiwemo, na mzoga au damu ya mnyama mgonjwa huweza kukiambukiza. Watafiti waliochunguza wagonjwa wa homa waliolazwa katika hospitali za KCMC na Mawenzi mwaka 2007 na 2008 waligundua kuwa malaria ilikuwa chanzo cha homa kwa asilimia 1.6 tu. Kwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, brusela ikiwa mojawapo, takriban robo walikutwa nayo. Kwa hiyo kisusio kichemke kweli, maziwa yachemshwe, na nyama itoke bucha yenye muhuri wa mkaguzi. Mpishi akikuambia anakitoa kikiwa "chepesi" ili kisipoteze nguvu, msalimie vizuri uondoke.

"Mbege ni chakula, hailevyi." Uongo. Ulezi umo na ndizi zimo, lakini ni pombe, imechachuka. Kunywa ukiwa umekaa, na gari aendeshe mwingine.

"Kahawa nzuri yote huenda Ulaya, sisi tunabaki na makapi." Uongo, ukiwa Moshi. Lawama hii ilikuwa na msingi: sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania bado husafirishwa nje, na wakulima wengi wa arabika huku mlimani wamezeeka wakinywa chai. Ila KNCU, chama cha ushirika kilichoanzishwa 1933, kina mgahawa wake mjini, Union Café, ambako kahawa ya wanachama hupewa mgeni katika kikombe. Mimi ningependa kuona kila hoteli ya Moshi ikifanya hivyo. Inaumiza kumwona mtu aliyekaa chini ya Kibo akikorogewa kahawa ya unga wa kopo.

"Hoteli yenye vitambaa mezani ni salama kuliko mama lishe." Uongo. Bakteria hawajui vitambaa, wanajua joto. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida, na cha kungoja wateja kikae juu ya nyuzi 60. Bafe iliyopoa tangu saa sita haifikii kipimo hicho. Wali unaopakuliwa kutoka sufuria iliyo juu ya mkaa pale soko la Mbuyuni unakifikia. Angalia moto, maji ya kunawa yanayotiririka na mikono ya mpishi.

Ndiyo maana lile neno la wazee kwamba palipojaa watu ndipo pa kula ni kweli: sufuria inayoisha haraka haina kiporo. Pembeni mwa stendi tu usilitegemee, kwani huko watu hujaa kwa haraka ya basi.

"Maharage ya mlimani hayaivi." Kweli nusu: huiva, ila kwa kuchelewa. Mjini, mita 800 na kitu juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi kama 97. Marangu ni kama 95, na kambi ya Horombo mlimani, mita 3,720, ni takriban 88. Moto ukiongezwa maji hukauka tu, joto halipandi. Kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, hutiwa magadi, nayo hulainisha maganda ya maharage. Hata hivyo kinataka muda. Ukikitaka Marangu, agiza kwanza, ndipo uende kutazama maporomoko ya Kinukamori.