Kutoka Kamanyola hadi Stade des Martyrs: uwanja wa taifa uliobeba jina la Kivu Kusini

Msafiri anayetoka Bukavu kwenda Uvira hupita Kamanyola, kituo cha biashara katika bonde la Ruzizi, pale DRC inapopakana na Rwanda na Burundi. Uwanja mkubwa wa kandanda wa taifa, mjini Kinshasa, ulifunguliwa ukiwa na jina hilo hilo.

Ujenzi ulifanywa na Wachina kuanzia 1988, na uwanja ukafunguliwa 1994 ukiwa na nafasi ya watu wapatao 80,000. Rais Mobutu alijivunia vita vya Kamanyola vya Juni 1964, ambapo jeshi la serikali lilipigana na waasi wa Simba. Hata meli yake na kikosi kimoja cha jeshi aliviita Kamanyola.

Tarehe 29 Mei 1997, Laurent-Désiré Kabila aliapishwa kuwa rais ndani ya uwanja huo. Mwaka huohuo jina likabadilishwa kuwa Stade des Martyrs de la Pentecôte, yaani Uwanja wa Mashahidi wa Pentekoste. Mashahidi hao ni Évariste Kimba, aliyekuwa waziri mkuu, na mawaziri wa zamani Jérôme Anany, Emmanuel Bamba na Alexandre Mahamba. Walituhumiwa kupanga mapinduzi, wakanyongwa hadharani Kinshasa mwanzoni mwa Juni 1966. Hivyo jina la ushindi wa Mobutu likaondolewa, likawekwa la watu walionyongwa chini ya utawala wake.

Mwaka 2023 uwanja ulikarabatiwa kwa ajili ya Michezo ya Francophonie, iliyofunguliwa humo tarehe 28 Julai. Mnamo Septemba, Leopards wakaifunga Sudan 2-0 na kufuzu Kombe la Afrika.

Lakini ukarabati haukumaliza matatizo. Oktoba 2022, watu 11 walikufa katika msongamano kwenye tamasha la Fally Ipupa. Julai 2024, wengine wakafa humo katika tamasha la nyimbo za injili. Septemba 2025, Leopards waliongoza 2-0 kisha wakafungwa 3-2 na Senegal, na mashabiki wenye hasira wakang'oa viti.

Somo hilo linawahusu pia mashabiki wa Bukavu wanaoenda kuzitazama Muungano na Bukavu Dawa kwenye Stade de la Concorde, Kadutu. Kabla ya viti vipya, ni vizuri kuuliza: tiketi ngapi zimeuzwa, na milango mingapi iko wazi?