Macho ya Chini ya Maji

Mwaka 1956 filamu ya mzamiaji Mfaransa Jacques-Yves Cousteau, Le Monde du silence, ilitwaa tuzo kuu ya tamasha la Cannes, na mamilioni ya watu wakauona ulimwengu wa chini ya bahari kwa rangi zake kwa mara ya kwanza. Lakini imo humo sehemu ambayo leo inauma kuitazama. Wazamiaji wanalipua mwamba wa matumbawe kwa baruti ili wahesabu samaki wanaoishi hapo, kisha wanaokota mizoga. Siku hizo hilo lilionekana kuwa utafiti wa kawaida.

Ni Cousteau huyo huyo ambaye mwaka 1943, pamoja na mhandisi Émile Gagnan, alibuni kifaa cha kupumulia kinachompa mzamiaji hewa ya mtungi kwa shinikizo lile lile la maji yanayomzunguka. Kabla ya hapo, kwa kawaida kushuka chini kulihitaji ama pumzi ndefu ama vazi zito lenye mrija wa kuletewa hewa kutoka juu ya chombo. Kifaa hicho kilimfanya mtu wa kawaida aweze kukaa chini, kutazama, na kurudi tena mahali pale pale mwaka unaofuata. Huko kurudi ndiko kulikomgeuza Cousteau. Kufikia mwaka 1960 alikuwa mstari wa mbele kupinga mpango wa Ufaransa wa kutupa taka za nyuklia katika Bahari ya Mediterania.

Baruti yenyewe haikuishia kwenye filamu. Tanzania ilipiga marufuku uvuvi wa mabomu mwaka 1970, lakini miaka 45 baadaye bado bahari yake ilikuwa ikilia. Mwaka 2015 watafiti waliokuwa wakitafuta pomboo na nyangumi walikokota vinasa sauti majini kandokando ya pwani ya nchi hiyo wakanasa milipuko zaidi ya 300, na zaidi ya nusu ilitoka maeneo yasiyo mbali na Dar es Salaam. Msako uliofuata uliipunguza sana.

Kwa nini jambo baya hivyo lilidumu muda mrefu mbele ya macho ya watu? Jibu mojawapo ni kwamba halikuwa mbele ya macho yao. Aliye kwenye mtumbwi huona samaki walioelea, hufurahi, huwakusanya. Haoni wale wengi waliozama kwa sababu mshindo umepasua mfuko wa hewa unaowasaidia kuelea. Wala haoni mwamba uliogeuka kifusi. Tumbawe ni mnyama, na lile la umbo la jiwe la mviringo hukua kwa kiasi cha sentimeta moja tu kwa mwaka, kwa hiyo bomu la sekunde moja linaweza kuondoa kazi ya karne nzima. Kibaya zaidi, kifusi hicho husukumwa huku na huko na mawimbi, na viluwiluwi vya matumbawe vinavyotafuta mahali pa kujishikiza hukosa pa kutulia. Hayo yote huonwa na mtu mmoja tu: aliyeshuka.

Hapo ndipo ilipo thamani kubwa ya mzamiaji katika afya ya bahari. Watu hupenda kumpiga picha akiwa na gunia la chupa za plastiki, na kazi hiyo ni njema, lakini ushahidi wake una uzito kuliko gunia lake. Mwaka 1997 mwanasayansi Gregor Hodgson aliwaita wazamiaji wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, akawafundisha kutandaza utepe wa mita 100 juu ya mwamba na kuhesabu vitu vichache vilivyochaguliwa: chewa, pono, kamba-koche, matumbawe hai, matumbawe yaliyokufa. Mpango huo, Reef Check, ulikagua miamba zaidi ya 300 katika nchi 31 mwaka huo wa kwanza. Sehemu nyingi chewa wakubwa hawakuonekana kabisa. Kabla ya hapo kila mvuvi aliyelalamika kuwa samaki wamepungua aliweza kuambiwa kwamba hilo ni la pwani yake tu.

Mfano ulio karibu zaidi uko Zanzibar. Kisiwa cha Chumbe, kama kilomita 12 kusini magharibi mwa Mji Mkongwe, kina mnara wa taa wa mwaka 1904, na upande wake wa magharibi una mwamba uliofungwa rasmi kwa uvuvi mwaka 1994. Walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa vijiji jirani. Walifundishwa kutambua samaki na matumbawe, kuandika kila wanachokiona, na kuzungumza na wavuvi wenzao wanaosogea mpakani. Hawabebi silaha. Huwaeleza kwamba samaki wanaozaliana ndani ya hifadhi hutoka na kuingia katika nyavu za nje, na maneno hayo hupokelewa kwa namna nyingine yakitoka kwa mtu aliyewahi kuvuta nyavu mwenyewe. Watalii wa Chumbe huogelea juu juu kwa miwani na mrija. Mitungi ya hewa imeachiwa kazi za utafiti.

Uamuzi huo una busara. Mzamiaji asiyejua kujidhibiti ni mharibifu: pezi lake likigusa tumbawe lenye matawi, tawi hukatika, na mchanga anaoutimua hufunika wanyama wasioweza kukimbia. Tangu mwaka 2004 mpango wa Green Fins, unaoungwa mkono na Umoja wa Mataifa, umekuwa ukizikagua kampuni za uzamiaji kwa mambo kama hayo, pamoja na nanga zinazotupwa juu ya miamba.

Kazi za mikono nazo zipo, na baadhi haziwezi kufanywa na mashine. Kuna aina ya kiti cha pweza mwenye miiba ya sumu ambaye hula matumbawe yakiwa hai, na jike mmoja hutaga mayai kwa mamilioni. Wanapofurika, mwamba mzima hubaki mifupa mitupu. Australia wazamiaji huwachoma mmoja mmoja kwa sindano ya nyongo ya ng'ombe au siki. Chumbe walinzi huwatoa kwa mkono. Nyavu za nailoni zilizopotea huendelea kunasa kasa na samaki bila mwenyewe, na kuzitoa kunataka subira: kukata kipande baada ya kipande, kuinua kwa mifuko iliyojazwa hewa, na wakati mwingine kuacha kipande ambacho matumbawe yameshakikumbatia. Kwenye kina cha mita 30 mzamiaji wa kawaida ana dakika zipatazo 20 tu kabla naitrojeni mwilini haijawa hatari.

Hata kifusi cha mabomu kinaweza kuponywa. Katika kisiwa cha Bontosua, Indonesia, miamba iliyolipuliwa miongo iliyopita imefunikwa kwa fremu za chuma zilizofungwa vipande vya matumbawe, na utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa ndani ya miaka minne mwamba ulijijenga kwa kasi sawa na ya mwamba wenye afya.

Mwaka huo huo wa 2024, mwezi wa Aprili, wanasayansi walitangaza wimbi la nne la dunia nzima la matumbawe kupauka kwa joto. La mwaka 1998 lilikuwa limeshaiumiza vibaya Bahari ya Hindi magharibi. Hakuna mzamiaji awezaye kupoza bahari. Anachoweza ni kusema ni matumbawe yapi yalistahimili, wapi, na kwa kina gani, na taarifa hiyo huamua ni mwamba upi ulindwe kwanza na vipande vya kupanda vichukuliwe wapi.

Tatizo ni nani anayepewa nafasi ya kushuka. Katika pwani yetu uzamiaji wa mitungi umekuwa zaidi mchezo wa mgeni, kwa sababu mafunzo na vifaa ni ghali mno kwa kipato cha mvuvi. Kwenye kisiwa cha Wasini, kusini mwa Kenya, vijana wa Mkwiro wamefundishwa uzamiaji na sasa wanatunza bustani za matumbawe mbele ya kijiji chao. Kila BMU, yaani kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi wa ufukwe wao, kutoka Lamu hadi Mtwara ingepaswa kuwa na angalau wawili kama hao, wenye vyeti, mitungi na daftari, wanaofika kikaoni kueleza walichokiona wiki ile.