Bambo la mwamba: mashine ya mvuke na bei ya hisa za dhahabu

Mnunuzi makini wa mchele hanunui gunia kwa kutazama mdomo wake. Huchoma bambo ubavuni, akaona punje za katikati. Wawekezaji wa madini walipata bambo lao katika miaka ya 1860, pale mhandisi wa Kiswisi Rodolphe Leschot alipobuni mashine ya kuchoronga kwa almasi.

Kabla ya hapo, mashine nyingi ziligonga mwamba na kutoa tope na unga tu. Hii mpya ilizungusha bomba lenye taji la chuma lililopachikwa almasi nyeusi, aghalabu kutoka Bahia, Brazil. Nguvu ilitoka kwenye boila la kuni au makaa ya mawe. Pampu ya mvuke ilisukuma maji ndani ya bomba ili kupoza taji na kutoa vumbi, na katikati ya bomba ukabaki mche mzima wa mwamba uliopanda juu kama ulivyokaa ardhini.

Gharama hazikuwa ndogo. Boila lilivutwa na ng'ombe hadi porini, likahitaji maji na kuni kila siku. Almasi zilipachikwa kwa mkono, moja moja, na taji likinasa chini ya shimo ni mtaji uliozama.

Faida yake ilionekana Witwatersrand, Afrika Kusini, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1886. Hisa zilipanda mno, kisha zikaporomoka kati ya 1889 na 1890, kwa sababu mawe ya kina yalikuwa na madini ya salfa, na zebaki ikashindwa kukamata dhahabu yake. Sianidi ilitatua tatizo hilo. Swali lililobaki lilikuwa la ardhi: je, mwamba uliendelea chini ya mashamba ya kusini, ambako juu hapakuonekana kitu? Mashimo ya almasi yalijibu kuwa uliendelea. Waliokwisha kununua mashamba hayo mapema ndio walionufaika, na mwaka 1893 kampuni ya Rand Mines iliundwa kwa ajili ya migodi hiyo ya kina.

Hata hivyo, shimo moja huonyesha sehemu moja tu, tena nyembamba. Bambo likitoa mchele safi ubavuni, upande wa pili waweza kuwa chenga.

Mvuke umepita, mche wa mwamba umebaki, na desturi ni kuupasua katikati: nusu huenda maabara, nusu hutunzwa kwa atakayetaka kuhakiki. Kampuni ya Kanada, Bre-X, ilisaga mche wote wa mashimo yake ya Busang, Indonesia. Machi 1997 Freeport-McMoRan ilichoronga kando ya mashimo hayo, ikakuta dhahabu haba isiyo na maana, na hisa za Bre-X zikaanguka. Nusu ya pili ya kuhakiki haikuwepo.