Daftari la Mvua

Wahenga walinena, "Dalili ya mvua ni mawingu." Neno hili ni kweli, lakini mkulima hutaka kujua zaidi. Mvua ya kwanza ikinyesha, je, apande mbegu zake zote, au angoje? Akipanda, na mvua ikakatika majuma mawili, miche hunyauka, na mbegu alizoweka akiba zimekwisha kupotea. Akichelewa mno, mvua humpita.

Wazee hukumbuka mengi, lakini akili ya mtu hushika sana mwaka wa njaa na mwaka wa gharika. Miaka ya katikati husahauliwa. Kwa hiyo yatupasa kupima na kuandika.

Twaa kopo ambalo mdomo wake na kitako chake ni sawasawa kwa upana. Lisimamishe mahali peupe, mbali na miti na nyumba, ulizungushie mawe lisipinduke. Kila siku saa tatu asubuhi tia rula wima ndani, usome kina cha maji kwa milimita, uandike pamoja na tarehe, kisha uyamwage. Rula hiyo na iwe na alama ya 0 mwanzoni kabisa. Pasipo maji, andika 0. Bali siku uliyosahau kupima usiandike 0, wala usikisie. Piga mstari tu. Maana 0 ni ushuhuda ya kuwa mvua haikunyesha, nawe hukutazama.

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji juu ya kila mita 1 ya mraba. Basi mvua ya milimita 10 hulipatia shamba la mita 100 za mraba lita 1,000.

Sasa tazameni faida yake. Tuseme daftari lina habari za miaka 10, nalo laonyesha ya kuwa mara 7 mvua ya kwanza ilifuatwa na majuma mawili ya ukavu. Mwaka huu itakuwaje? Hatujui hakika, kwa kuwa mara 3 haikuwa hivyo. Lakini twaweza kusema, "Yaelekea itakatika." Mkulima mwenye busara atapanda sehemu ndogo, na mbegu nyingine atazihifadhi ghalani.

Tena, andikeni mnayotazamia kabla siku zenyewe hazijafika, kisha myalinganishe na yaliyotokea. Msipofanya hivyo, mtakumbuka mlipopatia, na mlipokosea mtasahau.

Wahenga walisema pia, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mvua nayo ni mali.